Mwongozo kamili wa kuonja chai ya rangi yenye iliki, tangawizi au bergamoti

Wasomaji wanaoniuliza kuhusu chai zenye viungo hurudi na malalamiko yaleyale mawili. La kwanza: pakiti ikifunguliwa inanukia nyumba nzima, lakini mdomoni hakuna kitu. La pili: wamejaribu chai za kampuni mbalimbali na zote zinafanana.

Ukiwauliza walivyoonja, jibu ni moja. Kikombe kimoja, sukari vijiko viwili, chai ya moto ya kuunguza, andazi pembeni. Kwa mtindo huo hata mwonja chai wa kulipwa pale Mombasa, kwenye soko la mnada, angetoka mtupu.

Kanuni inayobeba mwongozo huu wote ni hii: chai yenye kiungo haionjwi peke yake. Inaonjwa pembeni ya chai isiyo na kiungo, na pembeni ya kiungo chenyewe. Nitatumia chai ya iliki kama mfano, kwa sababu ndiyo inayopatikana kila duka kuanzia Kisumu hadi Mtwara. Tangawizi na bergamoti zina mambo yake machache, nayo yako mbele.

## Vifaa

- Pakiti ya chai ya iliki unayotaka kuipima. Iwe mpya, au iliyofungwa vizuri.
- Pakiti ya chai isiyo na kiungo chochote, ikiwezekana ya kampuni ileile. Nitaiita chai tupu.
- Iliki nzima zenye ganda la kijani, mbili tatu, na kinu kidogo.
- Vikombe sita vya udongo au kauri, vyeupe ndani, vya ukubwa mmoja: vitatu vya kuloweka na vitatu vya kuchujia. Na visosi vitatu vya kufunikia.
- Mizani ya jikoni. Kama huna, tumia chai ya mifuko na usome kasha: gramu 100 zenye mifuko 50 maana yake kila mfuko una gramu 2.
- Chujio la matundu madogo na vijiko vitatu, kila kikombe na chake.
- Kikombe cha kutemea, maji ya kunywa ya vuguvugu, na mkate mweupe usiopakwa kitu.
- Daftari, kalamu, na saa ya simu.

Kuna vitu viwili vya kuweka mbali. Cha kwanza ni themosi ya nyumbani. Kama imewahi kubeba chai ya viungo, mfuniko wake una iliki ya mwaka jana, na kila utakachokitia humo kitanukia hivyohivyo. Cha pili ni vikombe vya plastiki, kwa sababu hiyohiyo.

## Hatua ya 1: Andaa mdomo, pua na chumba

Onja saa moja au zaidi baada ya kula, kuvuta sigara au kupiga mswaki. Dawa ya meno yenye mnanaa inaifunika iliki moja kwa moja, kwa sababu zote mbili zina ule ubaridi unaopanda puani.

Chumba nacho kina harufu zake. Usionje mahali palipofukizwa udi au ubani, wala karibu na jiko la mkaa au la mafuta ya taa. Usijipulizie marashi. Mikono iliyokata vitunguu ioshwe, kwa kuwa mkono ndio unaoleta kikombe puani.

Onyo: andazi na mahamri si vya kusafishia mdomo. Vingi vimetiwa iliki, kwa hiyo utakuwa unasafisha iliki kwa iliki. Kula kipande cha mkate mweupe, kisha sukutua kwa maji ya vuguvugu.

Ukiwa na mafua, ahirisha. Hakuna ujanja wa kulizunguka hilo, na hatua ya 6 itakuonyesha kwa nini.

## Hatua ya 2: Tazama na unuse majani makavu

Mwaga kijiko kimoja cha kila chai kwenye karatasi nyeupe. Chai nyingi ya Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania ni ya CTC, yaani jani limepitishwa kwenye roli zenye meno, likakatwa, likararuliwa na kuviringishwa kuwa chembe ndogo ngumu. Kwa hiyo usitarajie kuona majani marefu.

Unachotafuta ni kiungo. Je, unaviona vipande vya ganda la iliki, vyenye rangi ya majani makavu, na mbegu nyeusi zilizopondeka? Kuna vumbi la kahawia hafifu lililoshikamana na chembe za chai? Au ni chembe nyeusi tupu, na bado harufu ni kali?

Hali ya mwisho kwa kawaida inamaanisha chai imenyunyiziwa ladha ya iliki, haikuchanganywa na iliki ya kusaga. Geuza pakiti usome orodha ya viambato kuthibitisha. Si kosa wala udanganyifu kama imeandikwa. Ila inabadilisha unachopaswa kutarajia: ladha ya kunyunyiziwa hupanda haraka na hushuka haraka, wakati kiungo cha kusaga hutoka polepole na huacha masalia chini ya kikombe.

Sasa nusa. Vuta pumzi fupi mbili tatu, kisha uondoe pua. Ukivuta kwa muda mrefu pua huzoea na kuacha kukupa habari. Anza na chai tupu, halafu ile ya iliki.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja kuhusu kila rundo bila kutumia neno "nzuri".

## Hatua ya 3: Pima chai na maji

Waonja chai wana kipimo kilichokubaliwa kimataifa, kiwango cha ISO 3103: gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, kuloweka dakika 6. Ni kali kuliko unavyokunywa nyumbani, na imekusudiwa iwe hivyo, ili dosari zisipate pa kujificha. Tumia kipimo hicho cha chai na maji; dakika tutazirekebisha kwenye hatua ya 4, kulingana na ulipo.

Kwa kikombe cha mililita 200, weka hivi:

- Kikombe A: gramu 4 za chai tupu.
- Kikombe B: gramu 4 za chai ya iliki kutoka kwenye pakiti.
- Kikombe C: gramu 4 za chai tupu, pamoja na iliki moja uliyoiponda sasa hivi, ganda na mbegu.

A itakuonyesha chai yenyewe ikoje. C itakuonyesha iliki halisi, iliyopondwa machoni pako, ikoje ndani ya chai hiyo. B ndiyo inayoshtakiwa, na sasa ina mashahidi wawili.

Kuhusu maji. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa yana chumvi, na kwa ladha hiyo utaipa chai lawama bure. Maji yenye chokaa nyingi hufanya chai ipoteze mng'ao na kufunga utando juu. Tumia maji laini yasiyo na ladha, hata kama itabidi ununue chupa moja. Vikombe vyote vitatu vipate maji ya birika moja.

Yachemke kweli, yabubujike. Mwambao wa pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na milimani Kericho au Njombe chini kidogo ya hapo. Ndiyo maana mtu wa bara akiloweka chai kwa dakika zilezile za mtu wa Tanga huiona nyepesi.

## Hatua ya 4: Loweka, funika, usichemshe

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu jikoni kwetu chai hutokoswa. Majani na iliki vinaingia sufuriani, moto unawaka, na harufu tamu inajaa nyumba. Harufu hiyo unayoisikia sebuleni ni ile ambayo haitakuwa kikombeni. Mafuta ya iliki ni mepesi na hupaa na mvuke. Kwa kunywa na familia, tokosa upendavyo. Kwa kuonja, hapana.

1. Mimina maji juu ya majani, kikombe baada ya kikombe, bila kuchelewa.
2. Funika kila kikombe kwa kisosi papo hapo.
3. Washa saa: dakika 5 ukiwa pwani, dakika 6 ukiwa nyanda za juu.
4. Usikoroge, wala usiukamue mfuko kwa kijiko. Kukamua kunatoa uchungu ambao utadhani ni wa chai.
5. Muda ukiisha, chuja kwenye vikombe vingine au toa mifuko, vyote kwa mpigo mmoja.

Kabla ya kukitua kisosi mezani, kigeuze unuse upande wa chini, palipoganda matone ya mvuke. Hapo harufu ya kiungo imejikusanya kuliko mahali pengine popote.

Utajua umefaulu ikiwa kisosi cha B na cha C vinanukia iliki waziwazi, na cha A hakinukii iliki hata kidogo. Kama A nacho kinanukia iliki, chombo chako kimoja si safi. Rudia, maana yote yatakayofuata yatakuwa uongo.

## Hatua ya 5: Tazama chai na makapi

Hapa usikae sana. Sogeza vikombe kwenye mwanga wa dirisha. Chai nzuri ya CTC ina wekundu unaong'aa. Ikiwa ya kahawia iliyofifia, kama maji ya mfereji, ni majani ya zamani au yaliyoshika unyevu. Kisha angalia makapi: yenye rangi ya shaba ni dalili njema, meusi yaliyopooza si dalili njema. Vumbi chini ya kikombe B ambalo halipo kwenye A ni dalili kwamba kiungo ni cha kusaga.

## Hatua ya 6: Funda la kwanza, na pua iliyozibwa

Subiri. Chai iliyotoka kuchujwa haionjeki, inaunguza tu. Tena Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Dakika kumi za kusubiri zina faida kwa ulimi na kwa koo.

Anza na A. Chota kijiko kimoja na uifyonze kwa nguvu, kwa sauti, kama mtoto anayekunywa uji. Mama mkwe akiwa karibu mwombe radhi mapema. Kufyonza kunairusha chai mdomo mzima na kupandisha mvuke nyuma ya kaakaa hadi puani. Izungushe mdomoni, kisha iteme au imeze. Sukutua, halafu fanya vilevile kwa B, mwisho C. Usibadilishe mpangilio huo: kiungo hubaki mdomoni, chai tupu haibaki.

Sasa kuna jaribio moja ambalo likifanywa vizuri linamaliza nusu ya malalamiko. Ziba pua kwa vidole viwili. Fyonza B ukiwa umeziba, ishikilie mdomoni, uhesabu polepole hadi tano. Utasikia nini? Moto, uchungu, ukakasi. Iliki haipo. Achia pua bila kumeza, upumue kupitia puani. Iliki inafurika kwa ghafla.

Ulimi wenyewe unatambua mambo machache tu: utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ladha nono kama ya mchuzi wa nyama. Iliki karibu yote husikika puani. Kwa hiyo mtu anayesema harufu ipo lakini ladha hamna, mara nyingi amemeza haraka bila kuipa pumzi nafasi ya kurudi juu.

Ukakasi nao si ladha hasa. Ni ule mguso wa ulimi na ufizi kukauka na kukwaruza, unaotokea kemikali za chai zikishikana na protini za mate. Uchungu unasikika ulimini. Ukakasi unaushika mdomo mzima, hasa mashavuni. Jifunze kuvitenga kwa kikombe A, ambako hakuna kiungo cha kukuchanganya.

Utajua umefaulu ukiweza kusema ni kipi kilitoweka ulipoziba pua na kipi kilibaki.

## Hatua ya 7: Rudia ikiwa vuguvugu, kisha ikiwa imepoa

Onja tena baada ya dakika kama 10, na mara ya mwisho chai ikishapoa kabisa. Joto huficha mengi.

Chai ya iliki iliyotengenezwa vizuri hubadilika kwa mpangilio: ikiwa moto iliki iko mbele, ikiwa vuguvugu chai na iliki ziko sawa, ikipoa chai inabaki na iliki kwa mbali. Iliyotiwa ladha nyingi kupita kiasi huonekana nzuri ikiwa moto, kisha ikipoa huacha kitu kama peremende au sabuni juu ya ulimi. Iliyotengenezwa kwa iliki kuukuu huanza na harufu ya makabati na kubaki hivyo. Linganisha na C kila mara. Kama C ina ule ubaridi unaopanda hadi nyuma ya macho na B haina, iliki ya kwenye pakiti ilishachoka.

Usishtuke chai kali ikipoa ikafanya ukungu kama imemwagiwa tone la maziwa. Kafeini imeshikana na kemikali nyingine za chai. Ni dalili ya chai yenye nguvu, haijaharibika.

## Hatua ya 8: Maziwa na sukari, kwa zamu

Sasa ndiyo unaweza kuitia maziwa, kijiko kimoja kimoja kwa kila kikombe, bila sukari kwanza. Protini za maziwa hupunguza ukakasi, na mafuta yake hushika harufu ya iliki. Angalia rangi: chai hai hugeuka ya dhahabu yenye wekundu, chai dhaifu hugeuka kijivu. Ikiwa kikombe B kilikuwa kitamu bila maziwa lakini kimezama baada ya kijiko kimoja, hiyo ni chai ya kunywa ya rangi. Usiinunue kwa ajili ya chai ya maziwa.

Sukari iwe ya mwisho kabisa, nusu kijiko. Utamu huinua iliki na kuficha uchungu. Ukiianza nayo hutajua kipi ni kipi.

## Hatua ya 9: Andika

Andika ukiwa bado unaonja. Kumbukumbu ya harufu hutoroka haraka. Kiasi hiki kinatosha:

*B. Iliki ya pakiti. Kavu: kali, tamutamu, hakuna ganda. Rangi: nyekundu, inang'aa. Moto: iliki tupu, chai haisikiki. Vuguvugu: chai imetokea, ukakasi mashavuni. Baridi: peremende. Pua imezibwa: sawa na A. Maziwa: inazama. Dhidi ya C: haina ubaridi.*

Epuka "tamu" na "nzuri". Andika inakukumbusha nini na inakugusa wapi.

## Tangawizi

Tofauti yake kubwa ni kwamba ukiziba pua haitoweki. Ule moto ni mwasho, mwili unausikia kama unavyosikia pilipili. Kwa hiyo pima vitu viwili mbali mbali: mwasho, na ile harufu yake inayokaribia ndimu. Tangawizi kavu ya kusaga ina mwasho mwingi na harufu kidogo. Mbichi ni kinyume chake. Kikombe C kitengeneze kwa vipande viwili vyembamba vya tangawizi ya aina iliyotajwa kwenye pakiti.

Iache iwe ya mwisho ukionja chai nyingi kwa siku moja, pamoja na chai yenye karafuu, ambayo hutia ulimi ganzi kidogo. Mwasho ukiwa mkali kuliko ulivyotarajia, soma tena viambato. Huenda kuna pilipili manga.

## Bergamoti

Hii ndiyo inayoitwa Earl Grey kwenye maduka makubwa. Bergamoti ni tunda la jamii ya machungwa linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia, na mafuta ya ganda lake ndiyo yanayotiwa kwenye chai. Mafuta hayohayo hutumika sana kutengeneza manukato, kwa hiyo anayesema inanukia kama kolonya hajakosea.

Bergamoti yenyewe hutaipata sokoni Kariakoo. Kwa kikombe C tumia ganda la limau: likate jembamba bila nyama nyeupe, ulikunje juu ya chai tupu mafuta yarukie ndani. Haitafanana kabisa, lakini itakupa upande wa limau, na kilichobaki kwenye B, ile harufu ya maua, utajua ni cha bergamoti. Usikamue maji ya limau. Asidi hupausha rangi ya chai na hukatisha maziwa.

Kama ni ya majani marefu, tumia mizani, kwa kuwa majani hayo ni mepesi na kijiko hudanganya.

## Jipime macho yakiwa yamefungwa

Ukidhani umeshajua, mwombe mtu apange vikombe vitatu bila wewe kuona: viwili vya chai moja, kimoja cha nyingine, B dhidi ya C. Funga macho, onja, taja kilicho tofauti. Kubahatisha kuna nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo kupatia mara moja si ushahidi. Kupatia mara tatu mfululizo kwa bahati ni nafasi moja kati ya 27, na hapo unaweza kujiamini.

Ukishindwa kabisa kuzitofautisha B na C, chukua bei ya kila pakiti uigawe kwa gramu zake. Kama ya iliki ni ghali kwa kiasi kinachozidi bei ya iliki zenyewe sokoni, nunua chai tupu na iliki nzima, uweke iliki kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, na uiponde moja kila unapopika. Ikishasagwa, iliki hupoteza harufu haraka mno kuisaga ya wiki nzima.